Safu ya Saba

Dirisha langu linatazama mlima Loleza,
na mwezi wa saba kioo hulia kwa ndani.
Nimevaa glovu zilizokatwa vidole,
nafungua daftari la mwaka tisini na moja:
kava limeliwa na mende, wino umegeuka chai.
Daktari Mwambene anataka mstari mmoja tu,
miaka thelathini ya saratani ya damu mjini Mbeya,
wangapi waliugua, wangapi walikufa,
kwa kila watu laki moja.

Huyo Laki Moja sijawahi kumwona dirishani.
Waliokuja ni hawa:
Gwamaka wa Iyunga, fundi wa magurudumu;
mtoto wa Sokomatola, jina halisomeki, miaka minne;
Bibi Tusekile wa Itiji, aliyesema mifupa inamwimbia usiku.
Nawagawanya kwa sensa, na sensa nayo haitulii,
Uyole ya viazi sasa ina namba za nyumba.
Nikihesabu, wanaongezeka.
Nikigawanya, wanapungua.

Mwaka wa kwanza, wawili. Uliofuata, hakuna.
Hakuna!
Kana kwamba ugonjwa ulikwenda likizo Tukuyu kula ndizi.
Halafu ikaja hadubini mpya,
akaja Asajile wa maabara, macho kama mwewe,
na mstari ukaruka kama mbuzi aliyenusa chui.
Watu wakasema ni mbolea. Ni dawa za viazi. Ni minara ya simu.
Huenda. Daftari halina safu ya sababu.
Ninachojua, Asajile alipokwenda masomoni
mstari ulishuka,
na hakuna aliyepona kwa safari yake.

Siku moja aliniita nichungulie.
Chembe nyeupe zimetanda kama sakitu shambani,
changa, kubwa, zimebanana.
"Askari walioandikishwa utotoni," akasema.
"Wamejaza kambi, bunduki hawajui kushika."

Safu ya saba ni Hali ya Mwisho.
K ni kafariki. H ni hakurudi.
Aliye hai huachwa wazi.
Miaka hii K zinapungua,
daktari amefurahi, kanipiga bega.
Sikumwambia papo hapo habari za H.
H ni nauli ya Dar iliyoshindikana.
H ni ng'ombe wa pili kauzwa, na wa tatu hayupo.
H ni mama aliyembeba mwanawe mgongoni kwenye mvua ya Rungwe,
akasema bora afie penye migomba.
Nimezihesabu H peke yake, kwa penseli.
Nazo zina mstari wao.

Tisini na nne naipitia haraka.
Daftari jingine, la wodi ya watoto:
Tumpe Mwakatundu, miaka tisa, malaria kali.
Malaria ipi hiyo inayotoa damu kwenye fizi,
inayochora michubuko pajani mwa mtoto asiyechapwa,
hadi majirani wakamuuliza mama anampigia nini?
Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilimshikia beseni.
Kalamu ninayo. Ukurasa ni huu.
Ningemvusha tu, daftari lile hadi hili,
na mwaka wenye sifuri ungepata mtu.
Sikumvusha.
Hakuna slaidi, hakuna shahidi ila mimi,
na mimi si kipimo.

Chini ya grafu nimeandika kwa herufi ndogo:
wasioonekana hawamo.
Daktari atafuta, au hatafuta.

Saa tisa anagonga kioo Lugano wa Mwanjelwa.
Zamani alinyanyuliwa ndipo nimwone;
leo anainama, ndevu tatu, parachichi mbili mfukoni,
moja yangu.
"Dada, kadi."
Macho yake yanateleza kwenye daftari, yanafika jina lake,
yanafuata mstari hadi mwisho.
"Mbona hapa hamjaandika kitu?"
"Wino umeganda," nikamwambia.
"Baridi hii."